Simu Iliyofundishwa Kusahau

Hapa Butembo, mashariki ya Kongo, ukisema fulani ni fundi wa kompyuta, watu wanatarajia kijana wa kujivuna, mwenye miwani na Kifaransa cha kuwachosha wenzake. Kitsa hana miwani, na maneno yake anayatoa kwa kipimo, kama chumvi katika nyumba yenye njaa. Nimemfahamu tangu alipokuwa akitengeneza simu kwenye meza kando ya barabara. Mimi nina duka la fotokopi lililoshikana ukuta na bureau, yaani ofisi, ya kanisa letu. Watu wananiita Mama Elsa, na kinywa changu hakina mlango. Habari ya Kitsa nitaisema jinsi nilivyoiona, na pale itakaponikasirisha nitakasirika.

Alilelewa na dada yake Agar. Baba yao alikwenda shambani upande wa Kalunguta asubuhi moja ya kawaida, na jioni ikarudi habari yake badala yake. Mama yao hakukaa sana nyuma ya mumewe. Agar akaacha shule, akaanza kupanda malori mpaka Alimbongo kununua viazi na karoti. Alirudi juu ya magunia, amejifunika turubai, baridi ya kule imemwingia mifupani, kisha akashuka moja kwa moja sokoni kuuza. Kwa viazi vile Kitsa alisoma mpaka akamaliza chuo. Agar mwenyewe hakuolewa. Watu walitoa sababu nyingi. Yeye alisema tu kwamba kazi ilikuwa imemzidi. Kitsa hamwiti kwa jina, anamwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Nimemwona, mtu mzima mwenye ndevu, akisimama ndani ya tope ili dada yake apite pakavu.

Watu walipoanza kukimbia vita katika mitaa ya Beni na vijiji vyake, wakirudi, wakikimbia tena, kanisa lilifungua bureau ndogo ya kutafuta watoto waliopotea njiani. Kiongozi wake ni Valère, mtu wa Kasaï aliyeletwa huku na kazi ya serikali, ambaye wachungaji walimwomba awasaidie. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Watu wa kujitolea wanakwenda kule wakimbizi walikosimama, wanauliza nani anakaa na mtoto asiye wake, nani alimwona mtoto gani, na mtu gani, wakielekea wapi. Majibu yanaingizwa katika simu, katika fomu aliyoitengeneza Kitsa. Fomu ile ina kurasa kadhaa: wa kwanza ni wa anayesema, wa pili ni wa mtoto na alama za mwili wake, zinafuata za mahali na njia, na wa mwisho ni wa namna ya kumfikia aliye naye. Ukimaliza wa mwisho unabonyeza kutuma, na kila kitu kinafika kwenye kompyuta ya bureau.

Agar alikuwa wa kwanza kujiandikisha kwa kazi hiyo. Alizijua njia, alijua kukaa na watu bila kuwaharakisha, na alikuwa amemwahidi Victoire.

Victoire alitoka komini ya Ruwenzori, mtaa mmoja mkubwa pale Beni. Siku walipokimbia alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Yule wa mkononi, Grady, alikuwa bado wa umri wa kushika kidole gumba cha mama yake. Watu wakasukumana kwenye daraja, kidole kikabaki peke yake. Sasa Victoire anakaa kwa shangazi yake huku kwetu na anaimba nasi katika kwaya, kwenye benchi moja na Agar. Kila Jumapili ibada ikiisha alikuwa anapita mbele ya mlango wa bureau bila kuingia. Hakuuliza kitu. Alijionyesha tu, na sisi tulijua alikuwa anangoja nini.

Sasa nieleze jambo la ufundi, na msinikimbie, maana mimi mwenyewe nililielewa nikiwa nimesimama na karatasi mkononi. Kule vijijini mtandao haupo, au upo kwenye kilima kimoja tu. Kwa hiyo majibu ya ukurasa wa kwanza yanahitaji pa kungojea wakati unaandika wa pili na wa tatu, na yote yangoje mpaka mtandao upatikane. Kitsa alinieleza kwamba kivinjari cha simu, ule mlango unaofungulia fomu, kina mahali pawili pa kuwekea. Pa kwanza panadumu. Hata ukifunga ukurasa, hata ukizima simu, kesho unakuta maneno yako yanakungoja. Pa pili panaishi na ukurasa tu: ukiufunga, maneno yanakwenda nao, na hakuna wa kuyarudisha. Kitsa alichagua pa kwanza. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo, na kwa muda mambo yalikwenda vizuri.

Lakini huku kwetu kuna desturi ambayo sidhani watu wa nchi zenye amani wanaijua. Tunaiita kufagia. Kabla ya kufika kwenye barieri, kile kizuizi cha barabarani chenye watu wa silaha, kila mmoja aliye kwenye pikipiki anatoa simu yake na kuifagia: anafuta picha, anafuta ujumbe, anafunga kila kilichofunguka. Motari mwenyewe, yule anayeendesha pikipiki, anapunguza mwendo na kukumbusha. Hufagii kwa sababu una hatia. Unafagia kwa sababu hujui leo aliyesimama pale ni nani, na hujui ni jina gani ndani ya simu yako litakalomuudhi.

Zorobabel, mwenzake Agar katika kazi ile, alifagia vizuri. Alifuta picha, akafunga fomu, akadhani imekwisha. Watu wenye silaha waliomsimamisha wakafungua kivinjari chake, na fomu ikajifungua yenyewe na majibu yake yote, kwa uaminifu, kama ilivyofundishwa. Wakamsomea kwa sauti jina la mzee aliyezungumza naye asubuhi ile, na nyumba anamokaa. Wakataka kujua yeye ni mpelelezi wa nani. Walimwachia baadaye, na vidole vya mkono wake wa kulia havijanyooka tena. Yule mzee alihama na jamaa yake yote bila kuaga, na hatujui walikoishia.

Nilikasirika siku ile mpaka nikafunga duka. Kitsa yeye hakukasirika, alinyauka. Alikwenda kumtazama Zorobabel, akakaa karibu na kitanda chake mchana kutwa, na aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Valère. Mimi nilikuwa naleta karatasi, nikasikia. Valère alipendekeza njia ya katikati: maneno yaendelee kudumu, lakini yafungwe kwa namba ya siri. Agar, aliyekuwa ameketi pembeni anasafisha viatu vyake, ndiye aliyejibu.

"Patron, mutu akikuwekea panga hapa," alisema akigusa shingo, "ile code utaitoa. Na kama hapana itoa, batakufanya uitoe. Afazali bakute simu iko bure, bila kitu."

Hapo Kitsa akaamua. Alihamishia majibu mahali pa pili, pale panapokufa na ukurasa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akaweka na kanuni: ukimaliza kuandika, usifunge ukurasa, nenda nao wazi mpaka kilima chenye mtandao, kilicho kabla ya barieri. Pale tuma, kisha funga, kisha shuka. Karatasi ya kuandikia majina ilipigwa marufuku kabisa, kwa sababu karatasi yenye majina na namba huku kwetu ni hukumu unayoibeba mwenyewe mfukoni. Valère alimuuliza kama ana hakika. Kitsa alisema dada yake ndiye anayepita pale. Mimi nilisema ni vizuri, na nililisema kwa sauti, kwa hiyo sina haki ya kujifanya mwerevu leo.

Ilifanya kazi, lazima niseme hivyo pia. Watoto kadhaa walirudi kwao kwa njia ile. Bibi mmoja alicheza mbele ya duka langu mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Agar alisimamishwa kwenye barieri mara nyingi, simu ikafunguliwa na kupekuliwa, ikaonekana tupu, akarudishiwa. Kila jioni ya safari Kitsa alisimama mlangoni pa bureau kutazama barabara, na alipoiona pikipiki aliingia ndani haraka, ili dada yake asijue kwamba alikuwa amesimama.

Kisha ikaja siku ya Kalunguta. Agar alikutana na mama mzee, koko Bénite, koko maana yake bibi, aliyekimbia na kundi lililopita porini. Katika kundi lile mwanamke mmoja muuzaji wa vitenge alikuwa ameokota mtoto wa kiume njiani. Mtoto alisema anaitwa Grady. Alikuwa na kovu la uji wa moto kwenye kiwiko, na alisema mama yake anaimba kanisani. Yule muuzaji alivuka mpaka akaenda kwa ndugu zake upande wa Kasese, Uganda, na mtoto alikuwa naye. Alimwachia koko Bénite namba ya simu, mtu akitokea kumtafuta.

Agar alituambia baadaye alivyofanya. Aliandika ukurasa baada ya ukurasa, akamsomea mama mzee, akaisoma namba mara ya pili wakiifuatisha pamoja. Kila kitu kilikuwa sawa. Alipanda pikipiki, ukurasa uko wazi, simu kifuani, akielekea kilimani.

Barieri ilikuwa imehamishwa. Asubuhi ilikuwa baada ya kilima, mchana ule ikawa kabla yake, kwenye kona, na motari aliiona wakiwa wameshaikaribia. Akasema neno moja, fagieni. Agar alitoa simu. Hapakuwa na mtandao. Aliitazama namba ile, akaisema moyoni, akaisema tena, na watu wale walikuwa wameanza kuja. Akafunga ukurasa.

Walimshusha, wakapekua simu, hawakukuta kitu. Wakamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi, wakamweka juani muda mrefu, kisha wakamwachia. Alifika Butembo mzima, bila hata mkwaruzo. Hilo ndilo Kitsa alilokuwa amelijenga, na lilifanya kazi kama alivyolijenga.

Namba alikumbuka mwanzo wake na mwisho wake. Katikati palikuwa na tarakimu ambazo kila alipozisema zilibadilishana nafasi. Tuliketi dukani kwangu, yeye amefumba macho, Kitsa anaandika kila anachosema, kisha tunapiga. Mwanamume mmoja wa Mbarara alitutukana. Mwanamke mmoja alisikia habari yetu mpaka mwisho, akaomba na sisi kwenye simu kwa lugha tusiyoielewa, tukaitikia amina. Namba nyingi hazikuwa na mtu. Kitsa aliichukua simu ya dada yake, akatafuta ndani yake kila mahali anapopajua fundi, akijua vizuri kwamba hatakuta. Hakuna aliyekosea, na sijui kwa nini hilo linaniudhi kuliko kama lingekuwa kosa la mtu.

Zorobabel alijitolea kurudi Kalunguta na vidole vyake vile vile. Hakumkuta koko Bénite. Risasi zilikuwa zimesikika usiku uliotangulia na watu wamekwisha kutawanyika, wengine Oicha, wengine wasijulikane. Tuliuliza katika makanisa yote tunayoyajua. Mpaka leo tunauliza.

Ikabaki kumwambia Victoire. Valère alisema afadhali tungoje, on ne sait jamais, huwezi kujua, labda mama mzee ataonekana. Agar alikataa. Alisema mama wa mtoto anayo haki ya kujua kwamba mtoto wake alionekana akiwa hai, hata kama habari yenyewe imekatika miguu. Na kwa kuwa kwetu habari nzito haibebwi na mtu mmoja, tulikwenda watatu: Agar, Kitsa na mimi.

Tulimkuta Victoire uani akipepeta maharagwe. Alitutazama tulivyokuja na nguo za kanisa siku ya kazi, akaweka ungo chini. Agar alimwambia yote kwa mpangilio: koko, muuzaji wa vitenge, kovu, Kasese. Aliposikia juu ya kovu Victoire alijishika kiwiko chake mwenyewe. Aliposikia kwamba mtoto alisema mama yake anaimba, alilia, na alilia kwa furaha, naapa ilikuwa furaha, akataka kuinuka kwenda kufunga mzigo. Ilibidi Agar amshike mkono na kumwambia kilichobaki.

Victoire aliketi tena. Kuku walikuja wakaanza kula maharagwe kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza. Kisha akamuuliza Kitsa, bila ukali, simu ilisahau namna gani. Kitsa alimweleza kama alivyonieleza mimi, mahali pawili, panapodumu na panapokufa, na kwa nini alipahama pale pa kwanza. Hakujitetea, wala hakutaja vidole vya Zorobabel, jambo ambalo mimi ningelitaja.

"Donc basi kulikuwa ile ya kubakia," Victoire alisema.

"Ilikuwa, mama."

"Na weye njo ulichagula ile ya kupoteza."

"Njo mimi," alikiri.

Alimtazama Agar, kisha akamrudia Kitsa. "Niambie kweli, mbele ya Mungu. Kama ule mwenye kupitanga pale hapana kuwa yaya yako, kama ilikuwa mutu mwingine tu, mutoto wa batu, ungechagula gani?"

Nilitaka kuingilia. Nilikuwa na majibu mengi mazuri, kwamba maisha ni maisha, kwamba kila anayepita pale ana mama. Damu ni nzito kuliko maji, na kila mtu alijua hivyo pale uani. Agar aliniwekea mkono kwenye goti. Kitsa alikuwa ameinamisha kichwa kama siku ya mazishi ya mama yao.

"Ningeiacha ile ya kubakia, ibakie," alisema.

Victoire alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa bei na kuikubali. "Wasingya," alisema, asante yetu ya Kinande. "Batu bengine bangenidanganya." Akauchukua ungo, akafukuza kuku, akaanza tena kupepeta yale yaliyobaki. Tulikaa kidogo, tukaaga. Hakutusindikiza.

Tulirudi kwa mguu mpaka kwenye mteremko wa soko. Hapo Agar alisimama. Alimwambia mdogo wake kwamba yeye hakumsomesha kwa viazi ili aje amchague yeye mbele ya mtoto wa mwenzake. Alisema aliingia katika kazi ile akiijua, na kwamba kama kuna wa kuchagua, ni yule anayebeba simu. Akamtaka airudishe simu yake pale panapodumu. Kitsa alisema hawezi. Alilia barabarani, watu wakipita na mikokoteni, na dada yake alimwacha alie, akangoja amalize kama alivyokuwa akimngoja utotoni.

Valère hakupenda. Waliafikiana kwamba simu za wengine zibaki kama zilivyo, na ya Agar peke yake ibadilishwe, kwa ombi lake, na alitoa ombi hilo mbele ya mchungaji. Siku ya safari umeme ulikuwa umekatika bureau, kwa hiyo Kitsa alikuja kufanyia kazi kwangu, kwenye jenereta. Ilikuwa kazi ndogo mno. Alinionyesha: neno moja linatoka, neno lingine linaingia, katika kurasa chache. Aliifanya asubuhi nzima. Alikuwa anaandika, anafuta, anatoka nje, anarudi. Mara moja nilimwambia kwamba anaweza kumdanganya, aseme amebadilisha na asibadilishe, na Mungu anisamehe kwa ushauri ule. Alinijibu kwamba Agar atakwenda kuwaambia wakimbizi watakaozungumza naye kwamba maneno yao yanadumu, na yeye hawezi kumfanya dada yake mwongo.

Agar alikuja amevaa koti la mvua, kikwembe chake cha kitenge kimefungwa kwa safari. Alikuwa anarudi Kalunguta, kisha aendelee popote atakaposikia pana wakimbizi, kumtafuta koko Bénite. Kitsa alimpa simu kwa mikono miwili.

"Sasa iko inakumbuka?" Agar aliuliza.

"Inakumbuka, yaya."

"Hata nikifunga?"

"Hata ukifunga."

"Hata bakiizima?"

Motari alikuwa anapiga honi nje. "Hata bakiizima," Kitsa alisema.

Agar aliitazama kidogo ile simu, akaitia kifuani, akatuaga mmoja mmoja kwa jina, akatoka. Kitsa hakwenda mlangoni kutazama barabara. Aliketi kwenye kiti cha wateja, uso umeelekea ukutani, na wateja walipoingia niliwahudumia wakiwa wamesimama.